Mlima Kwenye Noti

Toyota Noah nyeupe ilishuka kutoka Ngaramtoni kwa mwendo wa gari lililobeba kitu kisicho chake.

Tunu Shamsudin aliiacha imtangulie, magari mawili yakiwa katikati, kisha akaongeza moto.

Alikuwa juu ya Honda XL nyekundu, kofia ngumu kichwani, koti la mvua mwilini, Glock 19 kiunoni chini ya koti. Mtu yeyote barabarani angemdhania ni bibi shamba anayerudi kutoka vijijini. Ndivyo alivyotaka.

Kifaa cha sikioni kikakoroma.

"Tai, hapa Kituo. Uko peke yako?"

"Peke yangu, Mkuu. Wengine wote mmewapeleka barabara ya Tanga."

"Endelea."

Mwanzoni mwa wiki ile Idara ya Usalama ilinasa simu iliyopigwa kutoka Nairobi. Ilikuwa fupi. "Tanga zinaingia Arusha Alhamisi." Wakubwa walisikia Tanga wakafikiria bandari, wakafikiria malori, wakatuma vijana kusimamisha kila tela linalotoka pwani. Tunu alisema kwenye kikao kwamba mji huwa mmoja, na mtu yule alizitaja tanga kwa wingi, kama vitu. Walimpa barabara ya Namanga ili anyamaze.

Sasa Noah hii ilikuwa imevuka mpaka bila kushusha abiria hata mmoja.

Walipofika Sakina dereva aligundua kwamba anafuatwa. Alikata kona bila kuwasha indiketa, akaingia Ngarenaro, akapita katikati ya mafundi wa kuchomelea mageti, cheche zikaruka juu ya boneti. Mbele yake mkokoteni wa mbao ulikuwa umeziba njia nzima. Aliruka nje akakimbia.

Tunu hakumfuata. Alizaliwa mtaa ule. Alizungusha pikipiki nyuma ya msikiti, akaizima mwisho wa kichochoro, akasubiri.

Jamaa alipotokea, Tunu alinyoosha mguu kumtega.

Aliitwa Lucky, dereva wa watalii kutoka Olasiti aliyekosa kazi msimu ule. Alikaa chini akishika goti na kusema yote bila kusukumwa. Aliajiriwa kwa simu. Aliambiwa maboksi yana vitabu vya dini, ayashushe kwenye nyumba yenye geti la bluu kule Olasiti, ufunguo uko chini ya chungu cha maua. Alikimbia kwa sababu vitabu vya dini havilipwi hela nyingi vile.

"Nilijua kuna kitu, dada," alisema. "Nikaona bora nisijue ni nini."

Tunu alichana boksi la kwanza kwa kisu. Zilikuwa noti. Mpya, zinanukia wino, zimefungwa kwa karatasi za benki isiyojulikana. Kila moja ilikuwa na namba kubwa ya mia tano, na chini yake neno moja kwa herufi za kawaida.

TANGA.

"Kituo, hapa Tai. Tanga nimezipata."

"Uko Tanga?"

"Niko Ngarenaro, Mkuu. Tanga ni pesa."

* * *

Reginald, mkuu wa kanda, alikuwa mtu wa kusema kidogo na kushuku sana. Aliiweka noti moja chini ya taa ya meza, akaitazama bila kuigusa.

Ilikuwa na ukingo mweusi pande zote. Katikati palikuwa na uso wa mzee mwenye ndevu fupi, na nyuma ya kichwa chake mlima. Chini ya uso palikuwa na maandishi. Bariki, fundi wa mitambo wa Idara, aliyapitisha kwenye simu yake yenye programu ya kutafsiri.

"Baba wa Milima," alisoma. "Shahidi wa amani. Halafu mwaka wa kuzaliwa na mwaka wa kufa."

"Alikufa lini?"

Bariki aliangalia tena.

"Mwaka huu."

Wote watatu walimfahamu mzee yule. Aliitwa Otabek Nurali, na muda huo alikuwa akinywa chai kwenye hoteli ndogo juu ya Usa River, kilomita chache kutoka pale. Tunu alikuwa amekaa naye tangu ujumbe wake wa mazungumzo ya amani ulipofika, akijifanya afisa itifaki. Asubuhi ile ile mzee alimwitikia salamu yake na kumuuliza kama mama yake hajambo.

Altinkum, nchi yake ya huko Asia ya Kati ambako pesa huitwa tanga, ilikuwa inaporomoka. Rais alikimbia. Benki kuu iligawanyika vipande, na kila kundi lenye bunduki likachapa pesa zake. Kila pesa ilikataliwa sokoni. Wauza mbegu za tikiti walifungia mbegu zao noti za serikali ya zamani. Askari walihama kutoka kundi hili kwenda lile wakifuata aliyewapa unga. Ndipo yakaletwa Arusha mazungumzo ya amani, na kesho yake, Ijumaa, ilikuwa siku ya mwisho kabla ya kutia sahihi.

Mzee Otabek aliongoza ujumbe wa watu wa milimani. Hakuwa na jeshi kubwa. Alikuwa na kitu ambacho wengine hawakuwa nacho: watu walimwamini. Upande wake mwenyewe ulimwomba mara nyingi uso wake uwekwe kwenye noti, ili sokoni zikubalike. Alikataa kila mara. Alisema mtu hawezi kujigeuza karatasi halafu awatazame watu machoni.

Reginald alivua miwani.

"Akiwa hai hawawezi kumweka kwenye noti," alisema. "Akifa hawezi kukataa."

Basi hawakuwa maadui zake. Walikuwa watu wake. Mtu fulani ndani ya ule ujumbe alikuwa ameshachapa msiba kabla ya maiti, na askari wangelipwa kwa uso wa marehemu kabla machozi hayajakauka. Upande wa pili ungesingiziwa. Hakuna ambaye angetia sahihi tena.

Reginald alimshuku Rustam, mkuu wa walinzi. Jitu lile halikucheka, halikula na wenzake, na namba yake ilikuwa imepiga Nairobi. Aliamuru Tunu arudi hotelini na asimwonyeshe mtu yeyote noti ile, kwa kuwa Dar es Salaam bado walikuwa wanajadiliana juu ya nani aambiwe.

"Hata mzee mwenyewe?"

"Hata yeye. Akibadilisha sura tu, tumempoteza aliyechapa."

Tunu hakuipenda amri ile. Aliitia noti mfukoni, akaondoka.

* * *

Nyumba ya Olasiti ililindwa usiku kucha. Hakuna aliyekuja kuchukua maboksi.

Ijumaa mchana manyunyu ya Juni yalikuwa yamekatika. Tunu alikuwa ametoka mjini kuchukua karatasi za itifaki, anarudi hotelini, mawingu yakafunguka upande wa kushoto na Mlima Meru ukajitokeza mzima.

Alisimamisha pikipiki pembeni kwa ghafla hadi mwenye lori nyuma yake akapiga honi.

Alitoa noti.

Bariki alisema ule ni mlima wa nchini kwa mzee. Wote walikubali, kwa nini wasikubali? Lakini Tunu alikulia hapo akiuona Meru kila asubuhi. Ukiwa mjini, ni pembe moja iliyochongoka, imetulia. Ili uuone ubavu wake ukiwa umebomoka, na kile kilima cha majivu kimekaa ndani ya shimo kama kiporo ndani ya bakuli, lazima uzunguke hadi upande wa Momela.

Na mlima wa kwenye noti ulikuwa umebomoka ubavu. Kilima cha majivu kilikuwa ndani.

Mchoraji alikuwa amepewa picha akaichora kama ilivyo. Picha ilipigwa hapa. Na mzee Otabek alikwenda Momela mara moja tu, Jumapili moja, kuona maziwa. Tunu hakuwapo siku ile.

Aliyempiga picha ile ndiye aliyemchapa.

Alifika hotelini akakuta kimya. Rustam alikuwa amekaa kwenye kiti mbele ya mlango wa chumba cha mzee, mikono juu ya magoti. Alimwambia kwa Kiingereza chake kizito kwamba mzee amelala, Daniyar kasema asisumbuliwe.

Daniyar alikuwa mshauri wa fedha wa ujumbe, na mpwa wa mzee, mtoto wa dada yake aliyekufa. Mzee alimlea tangu akiwa mchanga. Kijana mpole, mwenye kamera nzuri, aliyewapelekea wapishi chokoleti.

Tunu alisimama pale kidogo. Amri ya Reginald ilikuwa kichwani mwake, nzima, neno kwa neno. Kama Rustam ndiye, alikuwa anajichimbia kaburi. Alimuuliza nani walikwenda na mzee Momela.

Rustam alisema ni Daniyar peke yake, na dereva wa hoteli. Yeye alikuwa kitandani, tumbo linamkata. Alikuwa amekula nyama aliyoletewa na Daniyar.

"Na Nairobi ulimpigia nani?"

Jitu lile lilishusha macho. Lilimpigia daktari wa mke wake, lilisema. Mke huyo alikuwa kwenye kambi ya wakimbizi, mjamzito, na mtu mmoja Nairobi aliweza kuunganisha simu hadi kule.

Tunu alimpa noti.

Rustam aliisoma. Alipofika kwenye mwaka wa pili alimrudishia Tunu noti. Aliinuka, akaufungua mlango kwa bega.

Kitanda kilikuwa kimetandikwa. Mlango wa nyuma unaoelekea bustanini ulikuwa wazi, pazia linapepea.

Alikuwa amelinda chumba kitupu.

* * *

"Bariki, nipe Prado ya ujumbe."

Tunu alikuwa ameweka kifaa cha kufuatilia chini ya kila gari lao siku ya kwanza. Bariki, aliyekuwa ndani ya Land Cruiser ya Idara karibu na soko la Maji ya Chai, alijibu mara moja.

"Imesimama. Juu ya Nkoaranga, ndani ya mashamba ya kahawa."

"Rusha droni. Ile ya kamera ya joto."

"Ukungu unashuka, dada."

"Rusha hivyo hivyo."

Rustam alipanda nyuma yake. Honda ililalamika, ikapanda. Njia ilikuwa ya udongo mwekundu unaoteleza, migomba huku na huku, na Tunu hakushika breki hata pale ambapo mtu mwenye akili angeshika. Chini ya shamba alizima injini, wakapanda kwa miguu.

Mwenye shamba aliitwa Fransiska, mama wa Kimeru aliyepita miaka sitini, kikapu cha kahawa mbivu kiunoni. Alikuwa amesimama kando ya njia akitazama juu, uso umekunjamana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ni wa hawa wageni?"

Tunu alisema ndiyo, na kwamba ana haraka. Mama Fransiska naye hakuzunguka. Alisema kijana mgeni kamleta mzee wake kuona kahawa, na mzee ni mtu mzuri, amechuma nao kidogo. Lakini tangu asubuhi kuna mwingine aliyejiita mpima maji, na begi refu, na hakuuliza hata shamba ni la nani. Alikwenda moja kwa moja kwenye kibanda cha mashine ya kumenya kahawa akajifungia.

"Mpima maji hajagusa mfereji," alisema. "Na huyu kijana anataka mzee asimame pale kwenye mti wa kahawa wa zamani apigwe picha. Kwa nini pale tu? Pale ndipo kibanda kinapoangalia."

Tunu alitazama juu. Kati ya migomba aliona koti la kijivu la mzee. Mbele yake Daniyar alikuwa akirudi nyuma taratibu, kamera mkononi, akimwelekeza kwa mkono asogee kidogo kushoto.

Alikuwa anataka pia picha ya kifo.

"Tai," Bariki alinong'ona sikioni. "Naona joto la mtu mmoja. Ndani ya kibanda, amelala chini, kaelekea kusini."

Tunu alimwonyesha Rustam njia ya wazi inayokwenda kwa mzee. Yeye mwenyewe aliingia kwenye mfereji, maji ya baridi yakamfika magotini, akapanda ameinama chini ya majani ya migomba.

Mbao za kibanda zilikuwa zimeoza upande wa nyuma. Kupitia ufa aliona nyayo za viatu kwanza. Halafu miguu. Halafu bunduki ya Dragunov yenye darubini, mdomo wake umetokeza dirishani juu ya gunia.

Chini kule Daniyar alimwona Rustam akija.

Aliishusha kamera.

Tunu aliupiga mlango teke na kufyatua mara mbili. Dragunov nayo ililia. Ndege wote wa mlimani wakaruka.

Mpiga risasi aliviringika akishika bega, akatafuta bastola kwa mkono mwingine. Tunu alimkanyaga kifundo cha mkono. Aliipiga bastola teke ikatumbukia kwenye pipa la maganda ya kahawa.

"Tulia," alimwambia.

Jamaa hakujua Kiswahili. Alielewa.

Alimfunga pingu kwenye mguu wa mashine, akatazama dirishani. Mzee Otabek alikuwa chini, Rustam juu yake kama mlango uliong'oka. Kwa muda hakuna aliyetikisika. Kisha mkono wa mzee ulitoka chini ya jitu lile, ukampapasa begani, ukarudi na damu. Risasi ilikuwa imepita kwenye nyama ya mkono wa Rustam. Alikuwa anatukana kwa lugha yao, kwa sauti ya chini, na mzee alikuwa anamkataza kutukana.

Daniyar alikuwa anakimbilia Prado.

Aliwasha, akarudi nyuma, akagonga. Mama Fransiska na wachumaji wake walikuwa wamesogeza mkokoteni wa samadi nyuma ya gari, umejaa hadi juu. Mbele yake palikuwa na ukuta wa mawe. Aliminya mafuta hadi matairi yakachimba tope.

Tunu alishuka bila kukimbia. Alifungua mlango wa dereva, akachukua ufunguo.

Daniyar hakuonekana kama mtu aliyeshindwa. Alionekana amechoka. Alisema kwa Kiingereza kwamba kule nyumbani askari hawajala, na askari asiyekula huingia kwenye nyumba za watu. Sahihi haipikwi. Noti zile zingewalisha majira yote ya baridi.

"Ungemwomba," Tunu alisema.

"Nilimwomba. Kila mara alikataa."

"Basi ulishajibiwa."

* * *

Reginald alifika na magari manne na hasira ya kutosha magari kumi. Tunu alikuwa amevunja amri. Alimwacha aseme yote, kisha akamwonyesha bunduki. Reginald aliitazama, akatazama kibanda, akatazama mti wa kahawa. Hakulirudia neno amri tena.

Rustam alipelekwa hospitali akipinga. Hakutaka kumwacha mzee. Bariki alimwahidi kwamba angemuunganishia simu ya mke wake kwa mitambo ya Idara, na hapo ndipo alipokubali kupanda gari.

Mzee Otabek aliomba aione noti.

Alikaa kwenye kiti cha mbao alicholetewa na mama Fransiska, akaishika kwa mikono miwili. Aliitazama kwa muda mrefu. Aliuliza nani aliyempiga picha, ingawa alijua. Alisema alikumbuka siku ile. Walikula mkate na mayai kando ya ziwa, na Daniyar alimwambia asimame wima ili dada yake aliyeko peponi amwone vizuri.

Kisha aliomba akae na mpwa wake kabla hajachukuliwa.

Reginald alitikisa kichwa kukataa. Tunu alimwambia atasimama hapo hapo, na lawama zikija ziandikwe jina lake. Alimkagua Daniyar upya, mifuko, soksi, kola, akamkalisha kwenye ngazi ya nyumba ya mama Fransiska, pingu mkononi. Alisimama karibu, mkono juu ya Glock. Hakuwa amemaliza kushuku. Kazi yake haikumruhusu kumaliza.

Walizungumza lugha yao. Mzee alisema machache. Daniyar alianza kwa kujitetea, ukisikia sauti tu ulijua, halafu akanyamaza, halafu akaweka uso juu ya magoti. Ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye paa na baridi ilikuwa inauma. Kijana alikuwa na shati tu. Alikuwa anatetemeka.

Mzee alivua koti lake la kijivu. Lilikuwa na damu ya Rustam mgongoni. Alilitandaza juu ya mabega ya mpwa wake, akafunga kifungo cha juu, kama mtu anayemwandaa mtoto kwenda shule. Kisha aliinuka, akamwambia Tunu kwa Kiingereza kwamba sasa wanaweza kumpeleka, na kwamba koti ni lake, wasimvue.

Hakugeuka tena.

Jumamosi asubuhi alitia sahihi mbele ya bendera na kamera, amevaa sweta ya kuazima iliyomfupia mikono. Watu walipoanza kupiga makofi Tunu alikuwa mlangoni, akihesabu nyuso, akitafuta ule ambao haupigi.

Haukuwepo.

Alivua beji ya itifaki, akaitupa kwenye pipa la taka, akatoka nje. Simu ililia akiwa anavaa kofia. Reginald alitaka ripoti mezani, sasa hivi.

"Nitaleta, Mkuu."

"Uko wapi?"

"Nakwenda kumwona mama. Kuna mzee alimuulizia hali yake, sijamfikishia salamu."

Alikata simu, akapiga kiki Honda, akashika barabara ya Ngarenaro.